Akifa, Aarifiwe Nani?

Masjala yetu iko ghorofa ya chini, nyuma ya mlango wa nondo, na mwenye ufunguo ni mimi. Watu wa juu huja na kuondoka. Nimefanya kazi chini ya wakurugenzi sita wa idara ya ujasusi. Mmoja alikuwa mpole, mmoja mlevi, wawili waliondolewa kwa tangazo la redio wakiwa bado wanakunywa chai, mmoja alikufa kifo chake mwenyewe kitandani, na wa sita ni Jenerali. Wote walinikuta hapa. Huniita Mama Faili. Nilipokuwa na miaka thelathini na ushee jina hilo lilinikera. Sasa nina hamsini na tisa, nimebakiza miezi mitano kustaafu, na mtu akiniita jina langu la kitambulisho sigeuki.

Kazi yenyewe haina mapambo. Faili likiingia tunaandika, likitoka tunaandika. Kila faili lina karatasi ya mwendo iliyobanwa mbele: tarehe, namba ya barua, nani kachukua, nani karudisha. Yaliyomo ndani si yetu. Bwana aliyenifundisha kazi alikuwa na msemo mmoja, na aliurudia kila Jumatatu: masjala haisomi, masjala inahifadhi. Niliushika na nikajivunia. Mume wangu, mpimaji ardhi mstaafu, ameniuliza kila jioni kwa miaka ishirini na minane, "Leo kazini vipi?" Nami kila jioni nimemjibu, "Vumbi." Siku hizi nadhani huuliza ili asikie kama sauti yangu ni nzima.

Jenerali alikuja miaka miwili iliyopita, moja kwa moja kutoka jeshini. Wiki ya kwanza alitoa viti vyote katika ukumbi wa mikutano, akabeba vingine kwa mikono yake. Mikutano ya asubuhi ikawa ya kusimama, kwa sababu, alisema, mtu aliyeketi huongea maneno mengi. Wachambuzi wetu, watu wa vitambi na shahada, walilalamikia miguu mwezi mzima, ila taarifa zilifupika kweli. Tulijaribu kumwita Mkurugenzi, akawa haitiki vizuri. Mwisho wake hata sisi raia ulimi ukazoea kusema afande. Mimi nilimpenda. Mkubwa anayejua anachotaka hupunguza kazi ya masjala kwa nusu.

Alikuja na sheria moja. Mtu mmoja akisema, ni uvumi. Wawili wakisema jambo lile lile, ni taarifa, na taarifa hufanyiwa kazi. Hakuiokota njiani. Akiwa kapteni alipeleka kikosi bondeni kwa neno la mtu mmoja, na neno lile lilikuwa mtego. Walikwenda thelathini na wawili, wakarudi tisa. Yeye mwenyewe alirudi mgongoni mwa luteni wake, kilomita kumi na moja, akiwa na risasi mbili pajani, na hadi leo hupanda ngazi kwa mguu wa kulia kwanza. Habari hiyo aliisimulia mara moja tu, siku aliponikabidhi muhuri. Ulikuwa muhuri wa mpini wa mbao, umeandikwa IMETHIBITISHWA. Aliuweka kwangu kwa sababu, alisema, wapelelezi kila mmoja ana mtoa habari wake anayempenda kama mtoto, na wachambuzi wana haraka, lakini masjala haina upande. Nikiona ukurasa wa mwisho una majina ya siri mawili ya watoa habari wawili, nagonga. Nikiona moja, narudisha.

Niliugonga mara ya kwanza miezi kumi na minane iliyopita, kwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi kule mpakani. Alisemwa anaficha silaha za waasi katika stoo ya shule. Majina yalikuwa mawili, nikagonga. Silaha hazikupatikana, ila kutopatikana kwake kukahesabiwa kuwa ndio ujanja wa mwalimu. Akatiwa gerezani huko huko, faili likafungwa, likapandishwa rafu ya juu kabisa. Faili lililofungwa halisafiri tena. Barua ikija kwa ajili yake hugongwa IMEPOKELEWA, hutiwa ndani, mambo yamekwisha.

Sasa, Jumanne ninayoisimulia, faili la Brigedia liliteremshwa kwangu.

Brigedia ndiye yule luteni. Vyeo vilikuwa vimempanda na sasa aliongoza jeshi lote la mpakani. Ukurasa wa mwisho sina jinsi ya kutouona, maana ndipo muhuri unapokaa, na ulisema hivi: Seremala, mtoa habari wa idara yetu, anaarifu kwamba Brigedia alikutana na watu wa ng'ambo kando ya mto na wakapeana kitu kilichofungwa turubai. Mfinyanzi, mtoa habari wa ujasusi wa jeshi, anaarifu vivyo hivyo. Chini yake kulikuwa na mapendekezo. Alhamisi mchana Mkurugenzi atie saini. Ijumaa alfajiri magari mawili yaende, Brigedia avuliwe cheo mbele ya askari wake na aletwe mahakama ya kijeshi. Mahakama hiyo, kwa kosa la kuwasiliana na adui, ina adhabu moja, na haihusu kifungo.

Yalikuwa majina mawili. Nikalowesha muhuri, nikagonga. Niliona mwandiko wa Jenerali pembeni ya ukurasa, kwa penseli: "Hata yeye." Nikalipeleka faili kwenye trei, nikanywa chai.

Miezi mitatu kabla ya hapo masjala ya ujasusi wa jeshi ilikuwa imeunganishwa na yetu. Wanajeshi walileta mafaili yao katika masanduku ya chuma, yamepangwa kwa tarehe ya kuzaliwa ya mtoa habari, ukichaa ambao sijapata kuuona popote. Nilikuwa nayapanga upya taratibu, kwa maeneo. Jumatano asubuhi ikafika zamu ya mpakani, na faili la Mfinyanzi likaangukia kukaa bega kwa bega na la Seremala. Nikabandika karatasi mpya za mwendo, nikinakili tarehe za ripoti kutoka zile za zamani. Hapo sikuwa nasoma yaliyomo. Nilikuwa nanakili tarehe tu.

Mtoa habari wa mpakani huandika karibu kila wiki. Seremala alikuwa kimya siku kumi za mwezi wa nne. Mfinyanzi naye alikuwa kimya siku zile zile. Seremala alikaa kimya mwezi wote wa kumi na mbili, na Mfinyanzi pia. Wiki moja ya mwezi wa nane, wote wawili, kimya. Nikajiambia ni mvua, barabara zilikatika. Nikatoa karatasi za watoa habari wengine watatu wa mji ule ule. Wote waliandika wiki zile kama kawaida.

Watu wawili hawaugui mara tatu kwa siku zile zile. Nikaamini nimemkamata mtu mmoja anayekula sahani mbili, Seremala kwetu na Mfinyanzi jeshini. Kama ni hivyo, basi muhuri wangu ulikuwa umemhesabu mtu mmoja mara mbili, na Brigedia anakwenda kufa kwa uvumi. Nikafunga mlango wa nondo, nikapanda kwa Naibu Mkurugenzi, kwa kuwa mimi hufuata ngazi.

Naibu ni mtu wa sauti laini ambaye viatu vyake havijawahi kuwa na vumbi. Seremala alikuwa mtu wake, aliyemwandikisha mwenyewe, na kila mtu alijua kwamba Jenerali akiondoka kiti ni chake. Alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akacheka kidogo, bila ubaya. Akanieleza kuwa Seremala ni mwanamume mwenye ndevu hadi kifuani, amekula naye nyama mara nyingi. Mfinyanzi ni mwanamke, aliulizia jeshini mwenyewe ili ajiridhishe. Kwa hiyo ni watu wawili, macho yamewaona.

"Lisemwalo lipo, mama," akasema. "Kama halipo, laja. Wewe umebakiza miezi mitano. Kaa na vumbi lako."

Nilishuka ngazi nimenywea. Nilikuwa nimevunja mwiko wa masjala kwa kulinganisha watoa habari, na zaidi ya hapo nilikuwa nimekosea. Kuvunja mwiko ukapatia ni jambo moja. Kuvunja ukakosea ni kujipaka tope na kulipia sabuni.

Jioni mume wangu alinipokea na habari. Jirani yetu mwenye bucha anauza nyumba, anahama. Nikamwambia sishangai, nilikuwa nahisi tangu Jumapili nilipoona wamepakia kabati kwenye gari. Akasema si hisia tena, ni hakika, hata binti yetu kamwambia. Binti yetu anakaa mtaa wa pili na huwa hazungumzi ovyo, kwa hiyo nami nikaamini. Nikampigia simu nimwulize kasikia kwa nani, maana mama yake jirani nilimdai sufuria langu kubwa.

"Si kwako, mama?" akasema. "Jumapili uliniambia wanapakia vitu. Nikamwambia baba. Leo asubuhi baba kaniambia ni kweli, wanauza."

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa anachambua mchele, mtulivu, mtu ambaye hajasema uongo tangu nimjue. Hakuna aliyekuwa amedanganya. Neno langu moja lilikuwa limetoka Jumapili, likazunguka nyumba mbili, likanirudia Jumatano likiwa limevaa suti. Tulikuwa watu watatu na kabati moja. Baadaye tulijua kabati lenyewe lilikuwa linakwenda kwa fundi.

Nikakaa jikoni na simu mkononi. Mwanamume na mwanamke, mji mmoja, wanaondoka siku moja, wanarudi siku moja. Naibu alisema kweli: walikuwa wawili. Hakuwa amejiuliza tu kama wanalala kitanda kimoja.

Mume wangu akauliza kama kazini kuna tatizo. Nikataka kumwambia. Ndiyo mara ya kwanza nilitaka. Nikasema, "Vumbi," na yeye akanisogezea chai bila kuuliza tena.

Alhamisi saa nne tarishi wa Mkurugenzi aliteremka kuchukua faili la saini. Masjala ina silaha moja tu, na wengi wamesahau kwamba ipo. Faili lenye dosari haliruhusiwi kutoka. Hata likitakiwa na nani, mlinzi wa masjala akiandika HALIJAKAMILIKA kwenye karatasi ya mwendo, halisogei mpaka dosari iondolewe kwa maandishi. Kwa miaka ishirini na minane sikuwahi kuitumia. Niliandika, nikatia saini, nikamwonyesha tarishi. Akasoma, akanitazama usoni, akaondoka kwa kukimbia.

Naibu alifika kwanza. Sauti ilikuwa bado laini ila masikio yalikuwa yamemwiva. Aliniambia ninazuia amri ya kijeshi, kwamba hilo lina jina lake katika sheria, na kwamba atanisaidia kulificha iwapo nitalitoa faili dakika hiyo. Nilimwambia dosari iko kwenye uthibitisho na inahitaji Mkurugenzi. Akawa anatafuta neno la kunimaliza nalo, ndipo tuliposikia mguu wa kulia ukishuka ngazi, halafu wa kushoto.

Jenerali hakuwahi kushuka masjala tangu aliponipa muhuri. Alisimama nje ya nondo kama mgeni yeyote, kwa sababu hakuna anayeingia bila kuandikwa. Nikamwandika. Akaingia, akaona kiti, hakukaa. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hajalala siku mbili.

"Muhuri huu kagonga nani?"

"Mimi, afande."

"Ulilazimishwa?"

"Hapana. Nilikosea. Naomba bahasha mbili zifunguliwe."

Kila mtoa habari, siku anapoandikishwa, hujaza fomu moja kwa jina lake la kweli. Fomu hutiwa katika bahasha, bahasha hupigwa lakiri, na hukaa kwenye kabati la chuma nyuma ya meza yangu. Anayeweza kuifungua ni Mkurugenzi peke yake, mbele ya mlinzi wa masjala, kwa sababu iliyoandikwa. Jenerali hakuwa amefungua hata moja. Naibu akasema, kwa heshima zote, kwamba majina ya kweli ni roho za watu, na hayafunguliwi kwa sababu ya karani aliyeota ndoto.

Nikamweleza Jenerali wiki zile tatu za kimya. Nikamwonyesha karatasi za mwendo, tano kwa pamoja, kidole changu kwenye tarehe. Nilikuwa naogopa, sitasema uongo. Nikaweka ufunguo wangu mezani, nikamwambia nikikosea auchukue leo leo, asingoje miezi mitano.

Alizipitia tarehe karatasi kwa karatasi. Kisha akaandika sababu kwenye daftari, maneno mawili, "Nina shaka," akatia saini, akavunja lakiri ya kwanza kwa kidole gumba.

Majina yalikuwa tofauti. Hata ukoo ulikuwa tofauti. Naibu akashusha pumzi.

"Ni wawili, mama," Jenerali akasema, na nilisikia kwamba alikuwa akiomba niwe nimepatia.

"Ndiyo, afande. Naomba usome mstari wa mwisho."

Mstari wa mwisho wa fomu ile ninaujua kwa sababu mimi ndiye huzipiga chapa zikiwa tupu. Unauliza: Akifa, aarifiwe nani? Mwanamume alikuwa ameandika jina la mwanamke, na mbele yake, "mke wangu." Jenerali akachukua fomu ya pili. Mwanamke alikuwa ameandika jina la mwanamume, na mbele yake, "mume wangu." Juu ya mstari huo kuna swali jingine: Nani mwingine anajua kazi hii? Wote wawili walikuwa wamejibu: Hakuna.

Wale watu hawakuwa wamedanganya. Mume anarudi nyumbani, anasimulia alichokiona au alichosikia. Mke anakwenda kukiandikia jeshi. Siku nyingine mke anasimulia, mume anatuandikia sisi. Kila mmoja akimficha mwenzake kazi yake na kumwamini maneno yake. Nyumba moja ilikuwa inatupa habari kwa milango miwili, nasi tulikuwa tunasema mji mzima umesema.

Jenerali hakumtazama Naibu. Alivuta simu yangu ya mezani, akaagiza aunganishwe na makao ya jeshi la mpakani, akasubiri amesimama.

"Wiki iliyopita ulikwenda mtoni?" akauliza.

Chumba ni kidogo na sauti ya Brigedia ni ya uwanjani, sote tuliisikia. "Nilikwenda, afande. Askari wangu mmoja alizama, maji yakamtupa ng'ambo. Wenyewe walikuja kunikabidhi maiti. Niliandika ripoti siku ile ile. Kuna shida?"

"Hakuna," Jenerali akasema. "Mpe pole mama wa askari." Akaweka simu. Katika sisi sote, na digrii zetu na mihuri yetu, hakuna aliyekuwa amefikiri kumwuliza mwenyewe.

Akachukua faili la Brigedia, akapiga mstari juu ya mapendekezo, akaandika IMEFUTWA. Akamwambia Naibu akalete ile ripoti ya maiti popote ilipolala, na Naibu akapanda ngazi bila sauti yoyote, laini wala ngumu. Mimi nilidhani yamekwisha. Nilijisikia mwepesi, hata nikakumbuka njaa. Nilijipongeza, na hilo ndilo linaloniuma nikilikumbuka.

"Hawa wawili," Jenerali akasema, "tumewathibitisha pamoja mara ngapi?"

Nilijua jibu tangu Jumatano. Nilikuwa nimelisogeza kando kwa sababu Brigedia ndiye aliyekuwa na siku mbili, na mwalimu, nilijiambia, yuko gerezani, hatoki, atasubiri.

"Mara mbili, afande. Hii, na ile ya mwalimu mkuu."

Akaniambia nilete faili, aandike amri ya kuachiliwa hapo hapo, ipelekwe na magari yale yale yaliyokuwa yaende kumkamata Brigedia. Nikaburuta ngazi hadi rafu ya juu. Faili lilikuwa limejaa vumbi, la kweli. Nilishuka nalo kifuani, nikaliweka mezani, nikalifungua ili nimwandalie ukurasa.

Juu kabisa kulikuwa na bahasha ya kaki yenye muhuri wa gereza. Ilikuwa imefungwa bado. Kwenye kona yake ya kulia, wima, bila kupinda hata kidogo, kulikuwa na muhuri wangu: IMEPOKELEWA. Tarehe ilikuwa ya miezi mitano iliyopita. Niliikumbuka bahasha ile. Ilikuja asubuhi na nyingine kumi na tatu, nikatazama namba, nikaona faili limefungwa, nikapanda ngazi, nikaitia ndani.

Jenerali aliifungua. Alisoma, kisha akanipa. Masjala haisomi, lakini nilisoma. Mkuu wa gereza aliarifu kwamba mfungwa tajwa amefariki kwa homa ya matumbo na amezikwa katika makaburi ya gereza. Kwa kuwa kesi ni ya siri, ndugu hawajaarifiwa, na gereza linaomba ruhusa ya idara ili waarifiwe. Halafu kulikuwa na mstari mmoja, ulioandikwa kwa lugha ile ile ya kiofisi: "Mke wake huleta sabuni na nguo kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Tunaendelea kuvipokea hadi tutakapopata maelekezo yenu."

Nilihesabu Jumatatu. Ni tano. Nilisikia aibu ambayo sijapata kuisikia, na sikuwa na mahali pa kuiweka, kwa sababu katika karatasi ya mwendo kila kitu kilikuwa sahihi.

"Nimeiua mwenyewe barua hii," nikamwambia Jenerali. "Nimeizika kwa mikono yangu."

"Mimi nilisaini," akasema. Ndipo akakaa. Alikaa kwenye kiti changu cha mbao, mguu mbovu ameunyoosha, mpaka tarishi alipokuja kumtafuta.

Alfajiri ya Ijumaa gari moja badala ya mawili lilitoka kwenda mpakani. Nyuma tulikaa Jenerali na mimi. Mume wangu alikuwa amenisindikiza hadi mlangoni, na aliponitazama hakuuliza kitu. Mimi ndiye niliyesema. Nilimwambia nakwenda kumwarifu mwanamke mmoja kwamba mumewe amekufa, na kwamba nimechelewa miezi mitano. Aliitikia kwa kichwa, akanifunga kifungo cha juu cha koti.

Tulifika karibu na saa saba mchana. Nyumba za walimu zilikuwa safu moja nyuma ya shule, na darasa moja lilikuwa linahesabu kwa sauti. Mke wa mwalimu mkuu alikuwa kibarazani anaanua nguo. Aliliona gari la serikali, akaona sare ya Jenerali, akaingia ndani haraka. Nikafikiri amekimbia. Akatoka na mfuko wa kitambaa mikononi, ulioshonwa mdomo kwa uzi, akatujia akitabasamu kwa adabu.

"Mmeufuata wenyewe leo?" akasema. "Nilikuwa nije Jumatatu. Nimemwekea na sweta, naye huwa hasemi akisikia baridi."

Jenerali akavua kofia. Mwanamke akaninyooshea mimi mfuko, kwa kuwa nilikuwa mwanamke mwenzake na nilikuwa karibu. Nikaupokea kwa mikono miwili, kama nilivyopokea kila kitu kwa miaka ishirini na minane. Ulikuwa na uzito wa sabuni nne. Kisha nikamrudishia, naye akautazama mfuko, akanitazama mimi, na kabla sijafungua mdomo akawa ameshaketi chini.